Koti la Bitana Mbili

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kwamba mwanangu, yule tuliyempa jina la Kipenga kwa vile alianza kupiga mluzi kabla hajajua kuongea vizuri, siku hizi anapishana na watu wa kwao barabarani na kujifanya hawajui. Anaitwa mara tatu, mara nne, naye anapita zake, kifua mbele, tarumbeta kwapani. Kwamba mji umempanda kichwani.

Aliyeuleta ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa amekwenda na kikundi chao cha akina mama kuutembelea ule mji mkongwe, mji wa muziki na vyakula, ule ambao kila anayerudi kutoka huko anakuonyesha picha mia moja kwenye simu na tisini ni za sahani. Alirudi Jumatatu. Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, akasimama mlangoni hata kabla hajavua viatu.

"Wifi, nimekuletea salamu ambazo sikupewa."

"Salamu gani hizo?"

"Za mwanao. Nimemkuta kwenye ule mtaa wao wa mawe, mchana kweupe. Nikamwita kutoka nyuma kwa jina lake la shule. Kimya. Nikamwita Kipenga. Kimya. Nikaita mpaka muuza karanga akaniitikia naam. Mwanao kanipita kama mimi ni nguzo ya umeme."

"Labda hakukusikia."

"Mimi?" Wifi alicheka. "Mimi ambaye nikiongea jikoni kwangu wewe hapa unakosea mshono?"

Na mimi nikacheka. Naliandika hili makusudi, mzazi mwenzangu unayesoma, ujue kwamba neno lenyewe nililitamka kwa mdomo wangu siku ya kwanza kabisa, halafu nikalicheka.

Kufika Ijumaa, uvumi ulikuwa umeota miguu. Bombani walisema amebadilisha jina. Kwenye duka la vitambaa nikaulizwa, kwa sauti ile ya huruma yenye sukari, kama ni kweli kijana anawaambia watu kwamba mama yake alishafariki. Nilinunua uzi wangu nikatoka. Lakini usiku nikilala, maneno yalikuwa kitandani pamoja nami.

Yangekuwa maneno ya wifi peke yake ningeyapuuza. Wifi akiona moshi wa chai anatangaza nyumba inaungua. Shida ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na yangu, ambayo sikumwambia mtu.

Miaka minne nyuma, Kipenga alipopata nafasi kwenye bendi ya matarumbeta ya mji ule, bendi inayofungua tamasha lao la kila mwaka, walitaka kila mpigaji aje na koti lake la rangi ya damu ya mzee. Nilimshonea. Mabega yalikaa, vifungo vya shaba safu mbili, bitana ya hariri ya kuigiza. Mwaka wa kwanza alikuja nyumbani mara tatu. Mwaka wa pili mara moja. Baada ya hapo ikawa simu tu, kila Jumapili saa nne, na simu yenyewe ilikuwa kama tangazo la redio: "Mama hujambo, mimi sijambo, kazi inaendelea vizuri, mazoezi ni mengi, tamasha linakaribia, haya, wasalimie wote." Nikiuliza kitu, anaendelea kusoma tangazo lake. Nikisema ngoja kwanza, hangoji. Kisha inakatika.

Nyumbani kwetu tuna tabia moja, na ni mimi niliyeianzisha. Kwenye simu tunapeana mazuri tu. Mume wangu alipofariki, mimi niliambiwa kwa simu nikiwa katikati ya barabara na mzigo kichwani, na tangu siku ile niliapa kwamba mtoto wangu hatapokea baya akiwa amesimama. Baya litamngoja afike, akae, anywe maji. Nilivunja kiapo hicho mara moja tu: siku mama mkwe wangu alipofariki. Maziko yalikuwa kesho yake, ningengoja nini? Ilikuwa Jumapili, saa nne, simu ikalia. Nikamwambia, "Baba, bibi yako ametutoka."

Akasema, "Vizuri sana mama, nimefurahi. Haya, wasalimie wote."

Ni bibi huyo aliyemlea. Kipenga alilala kitanda kimoja na bibi yake mpaka darasa la nne, na mluzi wake wa kwanza alifundishwa naye, kwa pengo lake la mbele. Niliweka simu chini nikatoka uani kwa waombolezaji. Wakaniuliza kijana anakuja lini. Nikasema anaumwa. Miezi miwili mizima baada ya hapo sikupokea simu ya Jumapili. Ilipokuwa ikilia nilikuwa naongeza mwendo wa cherehani.

Kwa hiyo wifi alipoleta habari yake, haikukuta nyumba tupu. Ilikuta kiti kimeshaandaliwa.

Nikaamua kwenda, mimi mwenyewe, wakati wa tamasha lililofuata. Nilitaka kujua kitu kimoja: kama bado nina mtoto au sina. Na kwa kuwa mtu haendi ugenini mikono mitupu, nikamshonea koti jipya, rangi ileile. Wifi alikuwa amesema la zamani limechakaa mpaka linaonyesha shati. Pia alisema alfajiri za huko zina baridi, mtaa wa mawe haujui jua. Basi nikatia bitana mbili. Ya ndani ya pamba, nikaichapa mishono ya miraba kama godoro la mtoto, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, mgongo wote. Juu yake nikafunika na ile nzuri ya kuteleza. Siku kumi na moja. Vipimo vyake nilikuwa navyo kwenye daftari langu tangu ana miaka ishirini na mbili. Nilipomaliza, koti lilisimama lenyewe mezani.

Wifi alilibonyeza kwa kidole. "Hili hata ukimpiga rungu mgongoni hasikii," alisema. Nikaona amenisifu.

Mji ule ni mzuri, nisiwe mwongo. Nilifika siku moja kabla ya ufunguzi. Kuta zao ni nene kama vitanda, milango ni mirefu kana kwamba waliokaa humo zamani walikuwa wakipita na ngazi begani. Kila kona kuna mtu anapuliza au anapiga kitu. Unatoka kwenye ngoma unaingia kwenye gita, unatoka kwenye gita unapokelewa na harufu ya nyama na vitunguu, na wageni wanatembea wakifuata bendera ndogo ya mtembezaji wao kama vifaranga. Wote wanatabasamu. Hakuna mtu aliyenitazama usoni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na mawe yale yanateleza, nikawa natembea kwa kushika ukuta.

Nyumba aliyopanga Kipenga ilikuwa nyuma ya soko la vyombo, ghorofa ya pili, mlango wa buluu mwishoni mwa baraza. Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Ndani nilisikia kabisa mtu anasogeza kiti, na maji yanamwagwa. Nikapiga kwa ngumi.

Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo, aliniambia, "Huyo hafungui kwa hodi, mama. Wenzake hupitisha karatasi chini ya mlango."

Nikafikiri: kumbe ndipo tulipofika. Mwanangu amekuwa ofisi, anaandikiwa barua.

Nilikaa juu ya begi langu. Baada ya kitambo alipanda ngazi kijana mnene, mpana, anahema, ana ndizi mkononi. Nilimtambua kwa maelezo ya zile Jumapili za zamani, wakati simu zilikuwa bado ni simu. Alikuwa Pipa, mpiga ngoma kubwa, rafiki yake.

"Wewe ni mama," alisema. Hakuuliza. "Mdomo ni huohuo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenzako yumo ndani na ananiacha barazani."

Pipa alinitazama mimi, akautazama mlango, akaitazama ndizi yake kama vile yenyewe itamwambia la kufanya. Kisha akaimenya, akainama, akapitisha ganda chini ya mlango, akalisukuma na kurudisha, kusukuma na kurudisha. Mlango ukafunguka.

Kipenga aliponiona alisimama tu. Halafu akaniangukia shingoni kwa uzito wake wote kama alipokuwa mdogo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu: mlango hakufungua, wifi hakumwitikia, kifo cha bibi alikifurahia.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda, meza, jiko la mafuta, tarumbeta limefunikwa kwa taulo. Alikuwa amekonda. Alinipa kiti akageuka kunichemshia chai, na mimi nikaanza kumweleza safari, na habari za nyumbani, na hali ya cherehani yangu. Alikuwa amenipa mgongo muda wote, na hakujibu neno. Hata "mm" ya adabu hakuitoa. Pipa ndiye alikuwa akijibu badala yake, haraka haraka, kama mtu anayeshika vyombo visianguke. "Kweli mama. Enhe mama. Barabara mbaya ile mama."

"Nilikuwa naongea na mwanangu," nilimwambia.

"Mwanao akipika chai huwa hataki mchezo," alisema Pipa.

Kipenga akageuka na kikombe. Akatabasamu, akaniuliza, "Na bibi anaendeleaje? Miguu yake?"

Miezi minane bibi yuko udongoni, niliyempa habari ni mimi, na leo ananiuliza miguu. Nikadhani ni dhihaka. Nikainamia begi langu, uso chini, nikasema, "Bibi yako anaendelea kama unavyojua."

Akatikisa kichwa polepole, akanywa chai.

Ndipo nikaliona koti la zamani. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na kwa jicho langu la kazi nilijua kabla sijaligusa kwamba lina kasoro. Nikaenda nikalifunua. Bitana haikuwepo. Haikuchanika, hapana, ilikuwa imefumuliwa. Mshono mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe, uzi umeng'olewa safi, jinsi nilivyomfundisha mwenyewe akiwa na miaka tisa ananisaidia kufumua nguo za wateja. Hata kile kitambaa kigumu cha kusimamisha mgongo kilikuwa kimetolewa. Kilichobaki ni ganda. Ukiliweka kwenye mwanga unaona dirisha.

"Nani amefanya hivi?"

Alikuwa ananitazama mdomoni. Nilidhani ananitazama vile kwa kiburi, kama mtu anayetazama televisheni. "Joto, mama," akasema. "Tukitembea kuna joto."

"Kazi yangu. Umeifumua kazi yangu."

"Mama, lile koti lina bahati," Pipa aliingilia. "Bendi nzima tunajua. Kipenga akivaa lile hakosei."

"Wewe Pipa, hukuulizwa."

Nikatoa koti jipya kwenye begi, nikalifungua mbele yao. Pipa alinyoosha mkono akalibonyeza mgongoni, na niliona akimtazama mwenzake. Sikuyaelewa macho yale. Nikasimama mbele ya mwanangu, uso kwa uso, nikayasema haya, na alinielewa kila neno kwa sababu nilikuwa mbele yake na taa ilikuwa inanimulika usoni:

"Watu wanasema umetukataa. Mimi nimekuja kujionea. Kesho utavaa hili mbele ya watu. Ukilikataa, nitajua kweli umenikataa, nitapanda basi nirudi, na hutanisikia tena."

Alilipokea. Akalivaa hapohapo, akafunga vifungo vyote, safu zote mbili. Lilimpwaya kidogo kiunoni.

"Ni zuri, mama," alisema. "Nitalivaa."

Asubuhi mji wote ulikuwa nje. Nilipata nafasi kwenye ngazi za jengo la zamani la mahakama, kando ya mama mmoja mgeni kama mimi, aliyekuja na kiti chake cha kukunja. Alinikaribisha nusu ya kiti. Uwanja uko chini, lango kuu upande wa pili, na mbele ya mahakama jukwaa lenye kipaza sauti, wakubwa wamekaa wamepangwa.

Bendi ni watu ishirini na wawili. Wanatoka langoni wawili wawili kwa kuwa njia ni nyembamba, na ngoma kubwa inatembea nyuma tu ya tarumbeta la kwanza, karibu sana, kiasi kwamba Pipa akipiga, duara la ngoma linakaribia kumgusa Kipenga mgongoni. Mkuu wa bendi yuko mbele, mbali, fimbo juu, lakini akishapinda kona walio nyuma hawamwoni. Wanaifuata ngoma. Ngoma ikianza wanaanza. Ngoma ikikoma, wote wanakoma papo hapo, wanateremsha vyombo, mkubwa wa mji anasema maneno yake, tamasha linafunguliwa. Yule mama wa kiti alinieleza yote hayo. Alikuwa anakuja mwaka wa tano.

Walitoka. Koti langu lilionekana kuliko yote. Makoti ya wenzake yalikuwa yamepauka, lake lilikuwa linawaka, mabega yamekaa. Niliona Pipa anapiga kama mtu anayevunja ukuta, jasho linamtiririka. Nikafikiri ni bidii ya sikukuu.

Walifika katikati ya uwanja. Ngoma ikakoma. Vyombo vyote vikateremka kwa mara moja, kama kitambaa kinapoanguka mezani.

Kipenga akaendelea.

Alikuwa safu ya pili, macho mbele, mashavu yamejaa, anapiga peke yake uwanja mzima. Sauti ilikwenda ikagonga zile kuta ikarudi. Ilikuwa nzuri mno. Nilimshika mkono yule mama nikamwambia, "Yule ni mwanangu. Amepewa kupiga peke yake." Na yule mama, aliyekuwa anakuja mwaka wa tano, alinyanyuka akaniachia kiti chote.

Mkubwa wa mji alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti, mdomo wazi. Mtu akacheka. Wengine wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Mkuu wa bendi aligeuka akapaza sauti kwa jina lake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kipenga akaendelea. Nilimwona Pipa akinyanyua mguu kumkanyaga kisigino, lakini safu zilikuwa zimeshaachana. Mwishowe mkuu wa bendi alitembea uwanja mzima, hatua kwa hatua, akamshika bega. Ndipo tarumbeta likashuka, na mwanangu akatazama kulia na kushoto, akawaona wenzake vyombo chini.

Wakati huo nami nilikuwa nimeshajua. Wifi, simu, hodi, chai, miguu ya bibi. Vilinijia vyote pamoja kama kabati linaloanguka.

Nilipowafikia walikuwa nyuma ya jukwaa. Mkuu wa bendi alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sura. Alikuwa amemsimamisha Kipenga atazame ukuta, na yeye yuko nyuma yake. Akapiga kofi moja, karibu na sikio la kulia. Kipenga hakutikisika. Akapiga la kushoto. Kisha akamwita jina, taratibu, kisha kwa nguvu. Kipenga alikuwa anautazama ukuta kama mtoto aliyewekwa adhabu, koti langu limemkaa vizuri mgongoni, mishono yote imenyooka.

"Tangu lini?" mkuu wa bendi alimwuliza Pipa.

"Miaka miwili unusu."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa nyuma ya mgongo wake," Pipa alisema. "Yeye anapokea mshindo wa ngoma kwa mgongo. Bitana na kitambaa kigumu cha koti lile la zamani, tulivitoa vyote. Hakuwahi kukosea, mkuu. Sema wewe, aliwahi kukosea?"

"Leo."

"Leo ni koti."

Mkuu wa bendi alinitazama, akaelewa mimi ni nani. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. "Mama," alisema, "mimi natembeza watu ishirini na wawili kwenye barabara zenye magari. Siwezi kuwa na mtu asiyesikia honi." Akalichukua tarumbeta, kwani lilikuwa la bendi, akalifuta mdomo wake kwa leso, akaenda.

Nikamwuliza Pipa kama Kipenga hakujua kwamba koti litamziba.

"Alijua jana palepale ulipolitoa. Tulilijaribu usiku chumbani kwangu. Nilipiga, akasema hasikii kitu, ni kama kupigiwa kwenye mto. Nikamwambia mwambie mama. Akasema mama amekuja kuangalia kama namkataa, nitamwambia nini? Akaniambia piga kwa nguvu tu." Alinionyesha kiganja chake. Kilikuwa kimechubuka. "Yalianza kwa kulia, masikio yake, kama nyenje. Ukumbi tuliokuwa tunapiga usiku, alisimama mwaka mzima mbele ya spika. Daktari alimwambia aache. Akaacha kwenda kwa daktari."

Nilimzunguka mwanangu nikasimama kati yake na ukuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kunichukua," alisema. Halafu akasema, "Na kwenye simu si tunapeana mazuri, mama?"

Na bado lilikuwepo jambo moja, na hakukuwa na kiti pale wala maji ya kunywa. Nilimshika mashavu ili asiangalie pembeni. Nikasema, "Bibi yako alifariki. Miezi minane sasa. Nilikwambia kwa simu." Nililisema polepole, midomo wazi, kama tunavyowasemesha watoto wanaoanza kuongea.

Alitazama mdomo wangu hata baada ya mimi kunyamaza.

"Nilikujibu nini?" aliuliza.

Nikamwambia haikushika vizuri, mtandao ulikuwa mbaya. Ni uongo wa pekee niliomwambia siku ile, na mpaka leo sijui kama aliuamini.

Hakurudi nyumbani na mimi. Nilimwomba, Pipa alimwomba. Alisema atarudi kufanya nini, kukaa chumba cha cherehani wifi yangu aje kumpigia kelele masikioni kumjaribu? Sasa yuko kwenye jiko la mgahawa mmoja kwenye mtaa uleule wa mawe, anasugua masufuria. Bendi ikipita, Pipa ananiambia, wapishi wenzake hutoka kuangalia, na yeye hutoka nao, akaweka kiganja kwenye mlango mpaka ipite.

Koti alinirudishia kwa mtu wa basi, limepigwa pasi, limekunjwa, bila karatasi. Nililifumua bitana zote mbili, nikaishia na ganda kama lile la zamani, nikalituma tena. Halijarudi. Pipa anasema lipo msumarini.

Wifi alipozisikia habari alilia siku mbili, kisha akaanza kuzisambaza. Ndiyo maana naziandika mwenyewe, zisije zikawafikia zimeota miguu. Ninyi mnaojiandaa kwenda mji ule kutembelea watoto wenu, au mji wowote, haya myaepuke:

Viatu vipya. Mawe yanateleza.

Kutia mguu huko siku ya tamasha. Nenda siku ya kawaida, mtoto awe na nafasi ya kukukalisha chini.

Kusimama mbele ya spika, na kumwacha mwanao asimame hapo.

Habari ya mtoto wako iliyoletwa na mtu aliyemwona kwa mgongo.

Kutopokea simu kwa hasira.

Kuwafundisha watoto kusema mazuri tu.

Kushona kwa vipimo vya zamani.

Kukasirika ukikuta kazi yako imefumuliwa, kabla hujauliza ilifumuliwa kwa nini, na kuuliza ukiwa umeshikilia jibu.

Zawadi yenye "ukikataa".

Kumwita kwa nyuma. Zunguka, usimame mbele yake, ndipo umwite.